Woollcott: mzee wa vijembe tunayemkumbuka kwa kitu sicho

Ukimtafuta leo Alexander Woollcott, mhakiki wa maigizo wa New York aliyekufa 1943, sehemu ya kwanza utakayomkuta ni kwenye tamthilia ambayo wala haina jina lake. Inaitwa The Man Who Came to Dinner, waliiandika George S. Kaufman na Moss Hart, ikafunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, Oktoba 1939 na ikachezwa mara 739, na ndani yake kuna mzee mnene mwenye makelele anaitwa Sheridan Whiteside, kaalikwa chakula cha usiku kwa watu huko Ohio, kateleza kwenye barafu mlangoni kwao, basi ndo kashafika, anakaa kwenye kiti cha magurudumu wiki kadhaa akiwatukana wenye nyumba, simu zinaingia za mastaa wa dunia nzima, zawadi za ajabu ajabu zinaletwa mpaka pengwini. Whiteside ndo Woollcott. Kila mtu mjini alijua, na mwenyewe wala hakununa, alifurahi, mpaka mwaka uliofuata akapanda stejini huko pwani ya magharibi ya Marekani kumwigiza mtu aliyetungwa kutokana na yeye.

Na ile stori ilianzia kwenye ugeni wa kweli. Woollcott alitua nyumbani kwa Moss Hart, Pennsylvania, akaamrisha watu kama vile nyumba ni yake, akalalamikia kila kitu, na wakati wa kuondoka akaandika kwenye kitabu cha wageni kwamba anathibitisha hapa alikuwa na moja ya nyakati mbaya kabisa maishani mwake. Hart akampelekea Kaufman hiyo habari, akamwambia hebu fikiria jamaa angevunjika mguu pale pale akabaki. Kaufman hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Kwa hiyo jina lililobaki ni hilo: mtu wa shombo, mnene, mwenye mdomo, mfalme wa mipasho wa New York. Mimi nasema tumemkumbuka kwa kitu sicho. Vijembe vyake vingi alivirusha mezani, kwa marafiki, na vile vinavyozunguka hadi leo kwa jina lake nusu yake huwezi kujua kama kweli alisema yeye au kabandikwa tu, si unajua watu wenye sifa ya kuchekesha wanavyobandikwa kila utani. Kitu ambacho kipo kwenye rekodi kabisa, mpaka mahakamani kimeandikwa, ni kwamba huyu bwana alikuwa na shingo ngumu pale hela ilipotaka kumfunga mdomo. Hiyo ndo habari yake, na ndo isiyosimuliwa.

Kwanza ametoka wapi. Kazaliwa Januari 1887 New Jersey, kwenye jumba moja la vyumba 85 lililokuwa la jumuiya ya kijamaa ya karne ya 19, watu waliojiunga 1843 kuishi pamoja na kugawana kazi kwa kufuata mawazo ya Mfaransa Fourier. Jumuiya ilishakufa kitambo lakini ukoo wa mama yake ulibaki na jumba, kwa hiyo mtoto alikulia kwenye nyumba iliyojaa ndugu, vitabu na maigizo ya sebuleni. Akasoma Hamilton College, akamaliza 1909, mwaka huo huo akaingia New York Times kama ripota wa kawaida, na 1914, akiwa na miaka 27 tu, wakamkabidhi kiti cha mhakiki wa maigizo.

Machi 1915 akaenda kuangalia komedi moja inaitwa Taking Chances, akaandika kwamba haichekeshi sana na kuna sehemu inachosha. Basi. Ukiisoma kwa macho ya leo unashangaa, maana hata sio kuchana, ni uhakiki mpole kabisa, huku mitandaoni kwetu hiyo ungeipa nyota tatu. Ila mchezo ulikuwa wa ndugu wawili, Lee na Jacob Shubert, na hao ndo walikuwa wamiliki wa kumbi nyingi kuliko mtu yeyote Broadway. Wakaliandikia gazeti kwamba safari nyingine mtuletee mtu mwingine, huyu hatumtaki. Gazeti likakataa kuchaguliwa mwandishi na watu anaowaandika, likamnunulia Woollcott tiketi kwa hela yake kama mteja yeyote, jamaa akaenda na tiketi yake mkononi na akarudishwa mlangoni.

Adolph Ochs, mwenye gazeti, alifanya vitu viwili. Akaenda mahakamani, na akaacha kupokea matangazo ya Shubert. Hicho cha pili ndo nataka ukiangalie vizuri. Mwenye gazeti anakataa hela ya mtangazaji mkubwa wa burudani mjini kwa ajili ya kijana wa miaka 28 aliyeandika kwamba komedi haichekeshi.

Mahakamani walipata zuio mwanzoni, halafu Februari 1916 Mahakama ya Rufaa ya New York ikawageuka. Majaji wakasema hivi: sheria ya haki za raia ya jimbo inamkataza mwenye ukumbi kumzuia mtu kwa sababu ya rangi, imani au asili yake, lakini haisemi kokote kwamba ni lazima umruhusu mhakiki usiyempenda, ukumbi ni biashara ya mtu binafsi, akitaka kumfungia mlango mwandishi amfungie. Woollcott kashindwa kesi. Ila Shubert nao walikuwa wanaumia, maana shoo zao hazipo kwenye kurasa za Times na wateja wao ndo wanasoma Times, na mwisho wakafungua mlango wenyewe. Krismasi wakamtumia boksi la sigara kubwa. Mwenyewe akasema ugomvi wote umeishia kwenye moshi.

Na yale maamuzi ya 1916 yaliendelea kuwa sheria New York kwa miaka 25 mbele. Ni 1941 ndo ikapitishwa sheria kwamba mtu mzima mwenye tiketi na asiyefanya fujo haruhusiwi kuzuiwa mlangoni pa ukumbi wa burudani. Kwa hiyo katikati hapo mhakiki yeyote aliyemuudhi Shubert alikuwa peke yake na mwajiri wake, basi, ulinzi mwingine hakuna.

Ndo maana napenda kumuweka pembeni ya Dorothy Parker, rafiki yake. Parker alikuwa anahakiki maigizo kwenye jarida la Vanity Fair kuanzia 1918, na kwa ulimi alimzidi Woollcott, hilo mimi sina ubishi nalo. Akamgusa Billie Burke, mwigizaji, mume wake ni Florenz Ziegfeld prodyuza mkubwa. Maprodyuza wakalalamika, na Januari 1920 Parker akafukuzwa kazi. Wenzake wawili, Robert Benchley na Robert Sherwood, wakaacha kazi kwa hasira kumuunga mkono. Sasa linganisha: ni mji ule ule, kazi ile ile, kosa lile lile, tena tofauti yake ni miaka mitano tu. Mmoja katoka na boksi la sigara na jina kubwa kuliko mwanzo, mwingine katoka na virago. Kipaji hakikuwa tofauti iliyoamua. Kilichoamua ni kwamba nyuma ya mmoja kulikuwa na mtu aliyekubali kupoteza matangazo na nyuma ya mwingine hakukuwa na mtu. Tunavyoongea kuhusu ujasiri wa wahakiki tunamwangalia mwandishi peke yake, tunasahau kuuliza nani analipa kodi ya ofisi. Hata huku kwetu unajua ilivyo, ukisema filamu mbovu unaambiwa una wivu, promota anakufuta kwenye listi ya waalikwa, na wiki ijayo mhariri anakwambia kaka hebu tupunguze ukali kidogo.

Turudi kwenye kalamu yake maana hapo pia sifa zimekaa vibaya. Watu wanadhani aliandika sumu tu. Ukweli akipenda kitu alikuwa anapamba mpaka unaona aibu kwa niaba yake. Mwandishi wa vichekesho James Thurber alimwita mzee wa tindikali na maua, na ukisoma makala zake utaona maua ni mengi kuliko tindikali, mbali sana. Alikuwa mtu wa kulia ukumbini. Aliwaabudu waigizaji fulani, Minnie Maddern Fiske kwa mfano, kama waumini, hakuna cha ila wala lakini.

Ila hiyo hiyo mapenzi yake ilifanya kazi ambayo wahakiki wenye akili zaidi yake hawakuifanya. Mei 1924 kulikuwa na kundi la ndugu waliotoka kwenye vichekesho vya mikoani, wanaitwa Marx Brothers, wameingia Broadway na shoo inaitwa I'll Say She Is kwenye ukumbi wa Casino. Wahakiki wakubwa hawakuwa na mpango nao, usiku huo kulikuwa na mchezo mwingine wa maana zaidi, ukaahirishwa, ndo Woollcott akaenda kule kwa kukosa pa kwenda. Akatoka amepagawa. Kesho yake gazetini, wakati huo alikuwa gazeti la Sun, kichwa cha habari kikamtaja Harpo na ndugu zake kadhaa tu, yaani yule asiyeongea neno hata moja stejini ndo alimuona kuliko wote. Akamfuata nyuma ya jukwaa, wakawa marafiki mpaka kufa, na Harpo akampa mwanawe jina la kati Woollcott. Mtu ambaye kazi yake yote ni maneno kuona kwamba fundi ni yule bubu, hilo linahitaji jicho.

Jicho likamwangusha kwa Eugene O'Neill, mwandishi wa tamthilia, au sijui niseme mdomo. Mwanzoni alimuunga mkono, Beyond the Horizon ya 1920 aliisifia vizuri. Halafu 1928 ikaja Strange Interlude, mchezo wa zaidi ya masaa manne, watu wanatoka katikati kwenda kula halafu wanarudi. Woollcott, wakati huo yupo gazeti la New York World, akaandika kwenye Vanity Fair kuidhihaki, akaifananisha na Abie's Irish Rose ya watu wanaojifanya wasomi. Abie's Irish Rose ilikuwa komedi iliyokaa Broadway miaka mitano huku wahakiki wengi wanaiponda, kwa hiyo dongo lilikuwa zito. Shida ni kwamba makala ilitoka kabla mchezo haujafunguliwa. Mhariri wake, Herbert Bayard Swope, akaona huyu kashahukumu kabla ya kesi, akampa mtu mwingine auhakiki. Na Swope alikuwa sahihi kabisa. Mchezo ukachukua tuzo ya Pulitzer, na Woollcott mwaka huo huo akaachana na uhakiki wa kila siku.

Mambo ya ile meza ya hoteli ya Algonquin, New York, ambapo yeye na marafiki zake walikuwa wanakula mchana na kurushiana vijembe, nitayapitia haraka kwa sababu kila mtu anayasimulia. Alikuwa amerudi kutoka vitani Ufaransa, alienda 1917 kama mhudumu wa hospitali ya jeshi halafu akahamishiwa gazeti la wanajeshi Stars and Stripes, na aliporudi alikuwa anawachosha watu na stori za vita. Juni 1919 maafisa uhusiano wawili wa maigizo wakaandaa chakula cha mchana cha kumkejeli. Yeye akaona raha tupu, watu wakasema si tuje kila siku basi, wakawa wanakuja kweli kwa miaka mingi. Walichekeshana, walitajana kwenye magazeti yao, na siku hizi tungewaita machawa wa wao kwa wao, ingawa ni machawa wenye vipaji.

Sehemu tamu kwangu ni redio. Miaka ya 30 alipata kipindi kwenye redio ya CBS, anajiita Town Crier, yaani mpiga mbiu wa mji, kengele inalia halafu sauti yake ile laini ya kujidai inaanza kusimulia vitabu, mauaji ya zamani, mbwa wanaoongoza vipofu, waigizaji, chochote kilichomgusa wiki hiyo. Akisifia kitabu kinauzika. Goodbye, Mr. Chips ya James Hilton, 1934, ilipaa Marekani na mchango wake ulikuwa mkubwa. Huyu alikuwa inflyuensa kabla neno halijaja, na wasomi wenzake walimdharau kwa hilo, walisema kauza ladha yake kwa wasikilizaji wa jioni wanaopenda kuliza macho.

Hawakukosea sana. Ila angalia kilichotokea 1935. Mdhamini wa kipindi alikuwa Cream of Wheat, kampuni ya uji. Woollcott alikuwa anawapa Hitler na Mussolini vipande vyao hewani, kampuni ikamwambia tafadhali acha, utaudhi wateja. Kumbuka ni 1935, Marekani hakuna mtu wa biashara anayetaka kusikia siasa za Ulaya katikati ya tangazo la uji. Akagoma. Kipindi kikaondolewa. Safari hii hakukuwa na Ochs nyuma yake wala gazeti la kumkingia kifua, hela iliyoondoka ilikuwa yake mwenyewe. Hapo ndo ninaposema shingo ile ya 1915 haikuwa ya kuazima.

Sitaki kumgeuza mtakatifu, na mwenyewe angecheka. Alikuwa anawatendea marafiki kama watumishi wake, kisiwani kwake kule kwenye ziwa Bomoseen, Vermont, wageni waliamshwa kucheza krokei watake wasitake na alikuwa hapendi kushindwa. Alijaribu kuandika michezo miwili na Kaufman, The Channel Road 1929 na The Dark Tower 1933, yote ikadondoka, wahakiki wakamfanyia kama alivyowafanyia wengine. Jarida la New Yorker la rafiki yake wa vitani Harold Ross, ambako alikuwa na safu yake kuanzia 1929, ikamwandika mwaka 1939 katika sehemu tatu, kalamu ya Wolcott Gibbs, na ilikuwa mbaya, yaani waliyaweka mezani mpaka ya chumbani. Urafiki na Ross ukavunjika pale. Mtu aliyekula mkate kwa kusema watu alishindwa kumeza siku aliyosemwa, na mimi hilo simlaumu sana maana sijakutana na mhakiki anayependa kuhakikiwa.

Januari 23, 1943 alikuwa studio za CBS New York kwenye mjadala kuhusu Ujerumani, ilikuwa inatimia miaka kumi ya utawala wa Hitler. Akasema ni kosa kudhani Hitler ndo chanzo, Ujerumani ndo ilimzaa Hitler. Dakika chache baadaye akaandika kwenye karatasi kwamba anaumwa, wenzake wakaendelea kuongea wasikilizaji wasijue, wanachojua ni kwamba Woollcott leo kakaa kimya, kitu ambacho si kawaida yake. Moyo. Alikufa masaa machache baadaye, miaka 56, hana mke wala mtoto.

Sasa kwa nini Parker bado anasomwa na yeye hasomwi? Sababu ya kwanza ni kwamba Parker aliandika hadithi fupi na mashairi yanayosimama bila kumjua mwandishi, wakati Woollcott ukimtoa yeye mwenyewe kwenye makala inabaki sukari. Sauti ilikuwa ndo kazi, na sauti ya redio ya 1935 haikai. Sababu nyingine ni kwamba hakuwa na hoja ya kudumu kuhusu maigizo yanatakiwa yawe nini. George Jean Nathan aliyekuwa mshindani wake alikuwa nayo, alipigania tamthilia ngumu za Ulaya na akampigania O'Neill mpaka mwisho, unaweza kubishana naye hadi leo. Na Woollcott huwezi kubishana, unaweza tu kukubali alilia au hakulia. Mhakiki wa namna hiyo ni sawa na mpishi wa shughuli, aliyekula siku ile atakusimulia miaka, ambaye hakuwepo hana cha kuonja.

Na ile tamthilia ya Kaufman na Hart ikaja ikamaliza kazi, kwa sababu ni nzuri. Watu wakishapata Whiteside hawana sababu ya kwenda kumtafuta mwenyewe. Filamu ikatoka 1942, Woollcott bado yuko hai, Monty Woolley akaicheza na ndevu zake, na tangu hapo sura ya Woollcott kichwani mwa watu ni ndevu ambazo hakuwa nazo.

Kama unataka kumsoma usianze na makala za maigizo, zimechacha, wale waigizaji huwajui na wala hutawaona. Tafuta While Rome Burns, kitabu chake cha makala cha 1934. Ruka ya mbwa. Soma ile anayomchora Dorothy Parker, Our Mrs. Parker, utaona anampenda na anamuogopa kwa wakati mmoja. Halafu soma ya Paul Robeson, Colossal Bronze, imeandikwa na mzungu wa New York kuhusu mwimbaji mweusi kipindi ambacho hoteli nyingi za mji huo zisingempa Robeson meza, na utamu anaoumwaga humo, kwa mara moja, hauzidi. Robeson mwenyewe mwaka huo huo alikuwa London anajifunza Kiswahili darasani.